Onyo la Makufuli Mawili

Jumatano saa tatu asubuhi, mpimaji wa hitilafu za kompyuta alifungua ripoti huku akipuliza chai. Ilikuwa onyo tu. Ndani ya kiini, ile programu ya chini kabisa inayoendesha mashine nzima, kazi moja ilishika kufuli la kwanza kisha ikaomba la pili. Nyingine ilianza na la pili. Zikigongana, kila moja ingeng'ang'ania lake ikisubiri la mwenzake, na mashine ingeganda. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Likihesabiwa kuwa tundu la usalama, lingepewa namba, na hospitali zote zingelazimika kurekebisha mashine zao ndani ya wiki. Lisipohesabiwa, lingekaa foleni na wenzake. Mdogo wake mpimaji alikuwa wodini siku ya nane, mkononi ana pampu ya dawa inayoendeshwa na kiini hichohicho.

Saa hiyohiyo mlinzi na mama mfagizi walikwama kwenye korido ya ofisi. Mlinzi alishika ufunguo wa geti akitaka wa stoo. Mama alishika wa stoo akitaka wa geti. Fundi alijaribu kuwafumbua vidole, vikagoma. Watu walipita kwa ubavu wakiwasalimia.

“Onyo tu hilo,” alisema mkuu wa kitengo. “Tundu ni lile mtu wa nje anaweza kulichokonoa. Nionyeshe huyo mtu.”

Siku mbili mpimaji hakumpata. Ijumaa aliwapelekea wale wawili chai, kama alivyozoea sasa, akawashikia kikombe midomoni.

“Hivi nani aliwaambia msiachie?”

“Mtu mpita njia tu,” alisema mlinzi. “Hana kitambulisho, hana miadi.”

“Na mimi alinifuata stoo,” alisema mama. “Kaongea kwa adabu, mwanangu, nikaona sawa.”

Mpimaji alirudi mezani mbio, akafungua akaunti ya mgeni isiyo na ruhusa yoyote, akaziita kazi zote mbili kwa pamoja. Mara ya arobaini mashine iliganda. Akaandika: ni tundu. Mkuu akasaini, na machozi ya shukrani yakamlengalenga mpimaji.

“Na wale wa korido?” aliuliza.

“Wale hawana namba. Waingie foleni.”

Pampu ilirekebishwa Jumatatu. Baada ya wiki tatu mdogo mtu alikuja ofisini kwa miguu yake mwenyewe, kakonda lakini kachangamka. Alimfuta mama mfagizi vumbi mabegani, kisha mlinzi, akawashukuru mmojammoja.

“Mmenipa maisha. Niwafanyie nini?”

“Usijali, dada, umepona, hilo ndilo kubwa,” alisema mlinzi. Alimtazama mama, aliyesimama hatua moja mbele yake. “Ila ukipata nafasi, mwambie huyu aachie kwanza.”

“Aanze yeye,” alisema mama.