Feni Iliyozidi Kudumu

Kibao cha mlangoni kilikuwa kilekile: Mhandisi wa Uimara. Ndicho kilichomdanganya Dada Tanuri.

Kule alikotoka, kiwanda cha mashine za hospitali, uimara ulimaanisha kuitesa mashine. Unaipika kwenye tanuri la majaribio, unaitikisa, unaimwagia maji mpaka ikate roho. Kisha unatafuta kilichoiua, unakiimarisha, unaanza upya. Mgonjwa akishategemea mashine, hakuna cha samahani. Huko ndiko alikopewa jina la Dada Tanuri, na alilipenda. Kaka yake, anayepima vifaa vya umeme vya magari, alizoea kumtania kwamba wao huvitesa vifaa vyao kwa mashimo ya barabarani, si kwa moto, lakini dini ni moja.

Kiwanda cha hospitali kikafungwa, akahamia hiki cha feni za mezani.

"Kazi ni ileile, mke wangu," mumewe alimtuliza. "Badala ya mgonjwa, sasa ni mtu anayevuja jasho."

Basi, feni ya kwanza akaipika, akaitikisa, akaizungusha bila kuipumzisha. Feni ikabaki inavuma, haina habari. Akaibeba mwenyewe mpaka ofisini kwa Meneja, meno yote nje.

"Imepona, bosi! Hata nati haijalegea."

Meneja alikuwa akitafuna biskuti. Akaitazama feni kwa uso wa mtu aliyetembelewa na wakwe bila taarifa.

"Imezidi," akasema.

"Imezidi nini?"

"Kudumu. Waranti yetu ni mwaka mmoja, dada yangu. Hii itarithiwa na wajukuu. Sasa mteja atarudi dukani kufanya nini?" Akacheka, makombo yakadondoka juu ya feni. "Kule mlitafuta palipo dhaifu mpaimarishe. Sisi tunatafuta palipo imara mno. Kipimo ni kilekile, kimegeuzwa tu."

Dada Tanuri akamtazama Meneja kwa kinyaa. Akilini alimwona bibi wa watu, aliyejinyima akanunua feni moja ya chumbani, akiigongagonga kwa kiganja izunguke. Uchafu mtupu, tena unaosemwa mdomo ukiwa na biskuti! Akaapa moyoni: karatasi ya kuidhinisha feni ya namna hiyo hasaini, hata wamfukuze leo.

"Vijana wetu wa karakana walijaribu kuidhoofisha mota," Meneja akaendelea, akipangusa vidole kwenye suruali. "Ikaanza kunguruma siku ya kwanza, wateja wakairudisha. Wamekwama. Wanasema haiwezekani ife kimyakimya."

"Mota siyo," likamtoka. "Ni kapasita, ile inayoisukuma mota izunguke. Weka dhaifu isiyostahimili joto, itachoka polepole. Feni itapungua nguvu kidogo kidogo, na mtu atadhani..."

Mdomo uliponza kichwa. Maisha yake yote, akisikia fumbo lililowashinda wenzake, ulimi wake ulitangulia mbio kuliko akili. Kule watu walikuwa wakipona kwa ulimi huo.

"Atadhani joto limeongezeka," Meneja akamalizia taratibu, macho yakimng'aa. Akainua simu akawaita watu wa manunuzi.

Dada Tanuri alijisikia kinyaa, na safari hii hakikuwa kwa Meneja peke yake.

"Bosi, mimi uchafu huu sisaini!"

Meneja akaziba simu kwa kiganja, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Kusaini kwa nini tena, dada? Si umeshasema."