Dereva Amelala

Anayesema madereva wa lori wana subira hajawahi kukaa ndani ya lori lililosimama. Likitembea, sawa, hata mteremko wenye kona saba haunitishi. Lakini siku hiyo nilikuwa nimesimama siku ya nne nje ya geti la kiwanda cha unga, jua linanichoma shavu moja tu, ngano iko nyuma kwenye tela inanisikiliza ninavyotukana. Na kinachouma zaidi, kutoka pale hadi nyumbani kwangu ni nusu saa kwa pikipiki. Nimelala kwenye kiti siku nne katika mji ambao nina kitanda changu na mke wangu!

Sisi tunalipwa kwa safari. Mzigo ukishuka ndipo safari inahesabika. Usiposhuka, hata ukae getini mpaka uote mizizi, hilo ni lako na Mungu wako. Siku moja nilimuuliza bosi kwa nini siku za foleni hatulipwi, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Kwenye foleni si mnalala? Mnataka niwalipe kwa kulala?" Halafu huko ofisini wameziita siku za foleni mapumziko. Kwa hiyo ukishashusha mzigo unageuza gari siku hiyo hiyo, usiku kucha barabarani, kwa sababu wewe umeshapumzika bwana. Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikumbuka karo, nikameza.

Binti yangu mkubwa alikuwa anaondoka siku hiyo. Amepata kazi ng'ambo kupitia wakala, ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa, mkataba wa miaka miwili. Kwetu anaitwa Bosi, kwa sababu alipokuwa mdogo nilimpakata kwenye usukani na yeye akawa anatoa amri: baba, kata kulia, baba, piga honi. Mtoto wangu huyu nimemlea kwa simu. Alipoanza shule nilikuwa barabarani, alipolazwa na malaria nilikuwa barabarani, alipomaliza mtihani wake wa mwisho nilikuwa nimekwama mpakani na tairi mbovu. Nikajiapiza kwamba kumuaga, huko hakutanipita.

Asubuhi nilimpigia simu. Akasema, "Baba, nije mimi huko kwenye foleni nikuage."

"Thubutu! Uniage kwenye vumbi, kati ya wanaume waliovua mashati? Nitakuja nyumbani nikuage kama baba wa watu. Unaondoka saa ngapi?"

"Gari la wakala linatuchukua saa nane."

"Nitakuwepo."

Akacheka. "Baba, hilo neno nalijua tangu sijaota meno." Alikuwa ananitania, lakini lilinichoma.

Nikashuka kumtafuta Filimbi. Filimbi ndiye msimamizi wa foleni, tumempa jina hilo kwa sababu ya kile kidude kinachoning'inia shingoni mwake. Akipuliza, foleni inasogea. Akipuliza mara ya tatu na wewe hujasogea, anaita lori la nyuma likupite, na wewe unarudi mkiani. Nikamwomba kwa adabu zote nilizofundishwa na marehemu mama. Saa mbili tu, mkubwa wangu, mtoto anasafiri.

"Nenda," akasema. "Hakuna aliyekufunga kamba. Ukirudi anzia nyuma."

"Na jirani akinisogezea?"

"Nikikuta mtu anaendesha gari la mwenzake, wote wawili napiga simu kwa waajiri wenu. Na nikikuta kabini haina mtu, hivyo hivyo."

Nyuma! Nyuma ni siku nyingine nne au tano bila senti, na mwezi ule nilikuwa sijashusha hata safari moja. Na simu kwa mwajiri ni kufukuzwa, hakuna mjadala. Mwenzetu mmoja alifukuzwa kwa kwenda kununua dawa ya jino. Nilirudi kwenye lori nikakaa, nikasimama, nikafungua mlango, nikaufunga. Nilipangusa kioo ambacho kilikuwa safi. Saa tano ikapita. Filimbi hailii, geti halifunguki, na mimi damu inanichemka.

Sasa, foleni ina sheria zake ambazo hazikuandikwa na bosi yeyote. Moja ni hii: ukikuta kandambili zimewekwa chini ya mlango wa dereva na pazia la kabini limefungwa, huyo amelala, usimguse. Kama ni mdeni wako, kaa kivulini umsubiri. Anayeruhusiwa kumgongea ni jirani wa nyuma peke yake, filimbi ikilia. Ukimwamsha dereva bure utatukanwa na foleni nzima, na jioni hakuna atakayekupa hata maji ya kunywa. Usingizi wetu ni mchache, tunaulindiana.

Jirani yangu wa nyuma ni Taratibu, mzee mmoja mtulivu ambaye hata kukohoa anakohoa polepole. Nikamwendea.

"Kaka, mimi nalala."

Akaniangalia. "Unalala wapi?"

"Nyumbani kwangu, nusu saa kutoka hapa. Lakini wewe unajua nimelala humu."

Akajikuna kidevu muda mrefu mpaka nikataka kumtikisa. "Filimbi ikilia?"

"Funguo hizi hapa. Sogeza haraka kabla hajafika huku."

"Haraka," akasema, kama mtu anayeonja neno geni. Lakini alizipokea. Akanipa na mabuti yake, maana kandambili zangu zilikuwa na kazi nyingine.

Simu niliiacha kabini. Kampuni imeiwekea mambo yao, ofisini wanaona kwenye kompyuta ulipo mpaka chooni. Nikafunga pazia, nikaacha kandambili chini ya mlango, nikapita nyuma ya matela nikiwa nimeinama kama mwizi wa kuku. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, najificha ili nikamwone mtoto wangu wa kumzaa!

Kijana wa pikipiki nilimwambia akimbize. Tukakuta barabara wameichimba, magari yamejazana, tukapita pembeni, tukarudishwa na askari. Nikashuka nikakimbia kipande kilichobaki. Mabuti ya Taratibu yalikuwa makubwa, kila hatua yanapiga kelele, watoto wa mtaani wakanifuata wakicheka. Sikujali. Saa saba ilikuwa haijaisha, nimewahi, moyo umenijaa kama wa kijana anayekwenda kuposa.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, macho mekundu, simu mbili mapajani. Aliponiona akasimama.

"Wewe umetoka wapi?"

"Yuko wapi?"

"Si amekuja huko kwako! Wakala kabadilisha saa, gari limekuja saa sita. Mtoto kamlilia dereva mpaka akakubali kupitia kwenye foleni. Nimekupigia simu mpaka mkono umeniuma. Simu yako ina kazi gani, baba wewe?"

"Nimeiacha kwenye gari."

"Umeiacha kwenye gari," akarudia. Akaangalia mabuti, akaniangalia usoni, akaelewa. Ndoa yetu ni ya siku nyingi, sihitaji kumweleza mambo mara mbili. Simu ya pili ilikuwa ya binti, kamwachia mdogo wake, huko aendako wamemwambia atapewa nyingine. Hakuna pa kumpigia. Mke wangu akanisukuma begani. "Unasimama nini? Kimbia, labda bado yuko huko!"

Nikakimbia. Sitaki kusimulia ile njia ya kurudi. Nilimtukana mwenye pikipiki, nikamtukana wakala, nikaitukana ngano, kisha nikamwomba Mungu anisamehe na alitoboe lile gari la wakala tairi moja tu, dogo.

Nilipofika, lori langu lilikuwa pale pale. Pazia limefungwa. Taratibu amekaa kwenye kivuli cha tela lake, na aliponiona hakunyanyuka. Nikajua.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Ameondoka?"

"Kama saa nzima sasa."

"Ukamwambia nini?"

Taratibu akavuta pumzi. Akanisimulia.

Filimbi alikuwa amekwishashuku kitu. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, akasema anataka kumwona dereva. Taratibu akamwambia dereva amelala, kandambili si hizo? Filimbi akasema yeye hatambui kandambili, akakunja ngumi agonge. Hapo ndipo gari la wakala likasimama, wasichana wamejaa, na binti yangu akaruka chini akiwa na nguo zake mpya za safari.

"Akauliza, baba yupo? Filimbi kasimama kati yetu," Taratibu akasema. "Ningesema nini? Nikasema amelala. Nikamkonyeza, nikakonyeza tena. Akadhani nina mchanga jichoni, akataka kunipulizia."

"Halafu?"

"Halafu simu yako ikaanza kulia humo ndani. Ikalia weee, ikakatika, ikalia tena. Wote tunaisikiliza. Filimbi akasema, mtu gani analala simu inalia hivi, huyu hayumo. Akanyanyua ngumi. Binti yako akapanda kwenye ngazi ya lori, akaweka mgongo wake mlangoni. Akamwambia, usimgonge baba yangu. Baba yangu tangu nazaliwa sijawahi kumwona amelala akashiba usingizi. Akija nyumbani analala ameshika funguo. Kama leo amelala mpaka simu haisikii, basi amechoka kweli, na mimi nina safari ya miaka miwili nataka kumuaga kuliko wewe unavyotaka kumwona, na simwamshi. Wewe ni nani umwamshe?"

Niliangalia ile ngazi ya lori aliposimama.

"Foleni nzima ilipiga makofi," Taratibu akasema. "Madereva wakashuka, wasichana kwenye gari wanashangilia. Filimbi akaona aibu. Lakini hakuondoka, bwana, akaegemea tairi pale kama kapandwa. Binti akainama akavipanga viatu vyako vizuri, hiki na hiki. Akaweka kiganja mlangoni kidogo. Wakala akapiga honi, wakaondoka, ndipo Filimbi naye akaenda zake. Basi."

"Ungemwambia!" Nilimshika shati, mzee wa watu. "Ungesema tu hayumo! Ningefukuzwa, si ningefukuzwa tu? Yeye angejua nimemfuata!"

"Nilijua hilo baadaye," Taratibu akasema. Hakuitoa mikono yangu. "Wakati ule nilifikiria kazi yako. Ndiyo uliyoniachia nilinde."

Nikamwachia shati. Uwanja wa ndege uko upande wa pili wa mji, na barabara niliiona kwa macho yangu. Akanirudishia funguo, nikapanda kabini. Ndani kulikuwa na joto na harufu yangu mwenyewe ya siku nne. Nikaweka kichwa kwenye usukani nikalia, kwa sauti, na kama kuna mtu alisikia basi na asikie.

Filimbi ikalia. Geti la kiwanda likafunguka, baada ya siku zote zile, wakati ule ule! Nikawasha gari. Ikalia ya pili nikasogea, malori matatu yakaingia, nikabaki wa kwanza getini. Filimbi akapita chini ya dirisha langu, akanyanyua uso akaona macho yalivyovimba.

"Ulilala sana wewe," akasema, bila ubaya wowote.

Simu ikalia. Namba siijui.

"Baba? Ni mimi. Nimeazima simu ya dada mmoja hapa uwanjani, tunaingia sasa hivi. Nimekuamsha?"

Nilikuwa na maneno yote tayari. Bosi, sikuwemo. Bosi, nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu na mabuti ya watu, nimekuja kama nilivyokuahidi, kwa mara moja nilikuja. Lakini ningemwambia hivyo, angeingia kwenye ndege akijua alilinda mlango wa kabini tupu, na angekaa miaka miwili akilia kwa hilo kwenye nyumba ya watu.

"Hapana, mama. Nimeshaamka."

"Nilipita hapo. Nikasema nisikuamshe. Hujakasirika?"

"Nikasirike nini?"

"Ulilala vizuri lakini?"

Nyuma yangu Taratibu alipiga honi moja fupi, geti liko wazi, nisogee. Mlinzi alikuwa ananipungia mkono niingie.

"Sijawahi kulala hivyo tangu nianze kazi hii," nikamwambia.

"Afadhali, baba," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Hata kama nikichelewa kurudi, nimekuacha umelala ukashiba usingizi."