Viti vya Mradi

Viti vile niliviunda mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilikuwa mpita njia mwenye kelele. Miaka kumi iliyopita watafiti walikuja kwenye hospitali yetu wakauliza fundi makochi yuko wapi, wakaambiwa yupo mmoja, mdomo wake mrefu kuliko uzi wake, lakini kushona anajua. Nikawaundia viti sita vya kujilaza, vya mama kukaa kutwa nzima huku mtoto wake njiti amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi.

Mimi si mtu wa kupigilia msumari bila kujua unashikilia nini. Nikauliza kwa nini mgongo wa kiti usilale kabisa. Daktari wa utafiti, kijana mpole, akakaa juu ya gunia langu la sufi akanieleza: mama akilala chali, mtoto analala kifudifudi na pumzi inambana, mama akiinuka kidogo, mtoto anakaa wima na anapumua. Nikauliza tena, na tena. Shule niliiacha ningali na kaptula, kwa hiyo kila nijualo nimelichomoa mdomoni mwa mtu.

Utafiti ulipokwisha tuliitwa ukumbini. Wakatwambia, mbele ya mganga mkuu, kwamba waliobebwa kifuani tangu saa za mwanzo walikufa wachache kuliko waliotiwa kwenye chupa. Chupa ndivyo tunavyoiita ile mashine ya kioo ya kuwatia watoto joto. Tukapiga makofi. Tukanywa soda. Watafiti wakapakia kompyuta zao, na chumba cha viti kikapigwa kufuli.

Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: mradi umeisha. Viti ni vya mradi, chumba ni cha mradi, basi hata ukweli wenyewe ukawa wa mradi, umepanda gari na wenyewe. Kila wakija wageni chumba hufunguliwa, vumbi hufutwa, akina mama huitwa wakalie viti wapigwe picha. Wageni wakitoka getini, akina mama husimamishwa na nailoni hurudishwa juu ya viti. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sisahau. Mke wangu husema ningekuwa nasahau hata nusu, ningekuwa nimenenepa.

Sasa sikiliza. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alishikwa na kifafa cha mimba, akapasuliwa kabla ya miezi yake kutimia. Yeye akalazwa chumba cha mahututi, hajitambui. Mumewe ni dereva wa malori, yuko safarini, simu haishiki. Mtoto, wa kiume, mkono wake mzima ulikuwa kama kidole changu. Wakamtia kwenye chupa.

Chupa zilikuwa mbili. Moja imeungua siku nyingi, juu yake wamepanga mabeseni. Katika ile nzima walilala watoto watatu, wakipeana pumzi na vijidudu. Asubuhi dada yangu alipochungulia kioo alikuta watoto wawili. Wa kwetu alikuwa bado yupo. Miguu yake ilikuwa baridi, sista mmoja alisema, na umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu kuche.

"Kaa chini," dada akaniambia pale koridoni. "Unanitia kizunguzungu."

"Sikai."

"Sasa ukizunguka ndiyo umeme unarudi? We jenereta?"

Akakohoa kwenye leso. Mimi nikaendelea kwenda na kurudi, kutoka mlango wa choo hadi mlango wa kile chumba, nikigusa kufuli kila nikifika, kama mtu anayepima homa ya ng'ombe asiye wake. Benchi lilijaa akina mama wanaosubiri kengele ya kunyonyesha. Wakanitazama. Niliwajua baadhi, nao walinijua. Mtaani naitwa Kipaza.

Mkuu wa wodi akatokea. Mama mtu mzima, hatua nzito, funguo kiunoni.

"Sista," nikamwambia, "fungua chumba."

"Chumba kipi?"

"Usinifanye mtoto. Chenye viti nilivyounda."

"Kile cha mradi, fundi. Mradi umeisha."

"Na watoto njiti nao wameisha?"

Benchi zima likacheka, kicheko cha watu waliokesha. Sista hakucheka. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaniingiza chumba cha mashuka, akafunga mlango kwa kisigino.

"Unadhani sijui?" akasema. "Wewe ulisikia ukumbini siku moja. Mimi ndiye niliyewafunga wale watoto vifuani, mmoja mmoja, mradi mzima. Ulipoisha niliendelea peke yangu, huku wodini. Hukujua hilo, ee? Niliendelea mpaka mmoja alipokufa kifuani mwa mama yake. Mapafu hayakukomaa, angekufa popote. Wakaniita kwenye kamati. Unajua waliniuliza nini? Nani alikuruhusu. Hawakuuliza kingine, fundi. Walionusurika hakuna aliyewataja."

Sista akachukua shuka rafuni.

"Mtoto akifia kwenye chupa, Mungu kamtwaa. Akifia kifuani, nimemuua mimi. Mradi ulipokuwapo tulikuwa wengi wa kulaumiwa. Ulipoondoka nikabaki peke yangu."

Nimebishana na madiwani, wenye nyumba na wahubiri, na sijawahi kupungukiwa. Sasa niliyekuwa nimemwandalia matusi miaka minane alikuwa amesimama mbele yangu akikunja shuka lililokwisha kukunjwa.

"Mtoto ana baridi," nikasema mwishowe. "Hilo tu."

"Nimemshika, najua. Na nikifungua, nimweke kifua cha nani? Mama yake hajui hata kama kazaa."

"Bibi yake yupo hapo nje."

"Bibi yake anakohoa na majibu ya makohozi hayajatoka. Simpi."

"Basi..." Mke wangu alikuwa kwa wazazi wake, mwendo wa siku nzima. Nikaanza kuwahesabu wanawake wa ukoo, huyu yuko mbali, yule mjamzito, na sista akanitazama kifungo cha shati.

"Mimi?"

"Kwani kifua huna?"

"Sista, mimi mwanaume."

"Na ule ushahidi unaotupigia nao kelele unasemaje? Joto la mtu ni joto. Au ni la kuwahimiza wengine tu?"

Mlango haukuwa umefungika vizuri. Dada yangu, aliyekuwa ameegemea upande wa pili, akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima: "Mdogo wangu, umetanguliza watu barabarani tangu ujana wako. Leo tangulia wewe. Vua."

Nilioga mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sista alininusa akasema bado nanuka gundi. Akanikata kucha mwenyewe. Kisha akachagua ufunguo, akakosa tundu, akajaribu tena. Ndani mlinuka nailoni iliyopigwa na joto. Viti vilikuwa vizima kabisa. Viti visivyokaliwa havichakai, na jambo hilo lilinichoma kuliko ningevikuta vimevunjika.

Akamleta. Akamweka uchi kifuani pangu, kofia kichwani na nepi tu, akatuzungushia shuka na kulikaza hadi nikawa mzigo mmoja na mtoto.

"Uso wake uuone muda wote. Akisahau kupumua, msugue mgongo. Usilale. Usinyanyuke. Na nakuomba, usihutubie."

Mimi mguu wangu una tabia ya kutikisika hata nikiwa usingizini. Niliukanyaga kwa mguu mwingine. Nikataka kukohoa, nikameza kikohozi. Pua iliwasha. Kichwani zilipita hoja zote ambazo ningemwambia mganga mkuu, zimepangwa vizuri, tamu, na hapakuwa na pa kuzitemea. Mtoto alikuwa baridi kama kijiko. Alipumua haraka haraka, akaacha. Nikamsugua mgongo. Kimya. Nikasugua tena, nikimnong'oneza maneno ambayo sitayaandika, na mbavu zake zikanyanyuka chini ya kiganja changu. Jasho lilinitoka hadi kwapani. Aliacha tena baadaye, na tena, na kila mara nilifikiri kamati wameshakaa.

Mlangoni walikuwa wamejazana akina mama wa benchi. Mmoja, mwanawe ndiye aliyebaki peke yake kwenye chupa, akasema: "Sista, huyu mwanaume kapewa kiti, mimi mwenye maziwa nimekosa nini?"

Sista alikuwa amempachikia mtoto kipima joto kwapani. Akakitoa, akakisoma, akakisoma tena karibu na dirisha. "Anapata joto," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekasirika. Akaenda kwenye kiti cha pili, akaivuta nailoni kwa nguvu mpaka ikachanika. "Nenda kanawe, mama."

Yule mama alikuwa ameshakaa, mwanawe kifuani, mganga mkuu alipoingia na miwani mkononi.

"Nani karuhusu hiki chumba kufunguliwa?"

Nikafumbua mdomo. Mtoto akashtuka kifuani, akakunja uso. Nikaufumba.

"Mimi nimefungua," sista akasema.

"Na huyu ni wangu," yule mama akadakia bila kuinua kichwa. "Wa kwangu nimeruhusu mimi."

Mganga mkuu akanigeukia, akisubiri hotuba. Tunafahamiana. Akasubiri, na nilivyomtazama tu bila neno nadhani nilimtisha kuliko siku zote.

"Tutaongea kwenye kikao," akamwambia sista.

"Tutaongea. Nitawaleta na hawa wenye watoto."

Akatoka. Sista akaanza kuhangaika na nailoni ya kiti cha tatu. Dada yangu alichungulia dirishani, leso mdomoni, akaniuliza kwa mkono kama nimechoka. Nilikuwa nimechoka, mguu unanitikisika, na hasira ya miaka minane haijanitoka. Nikanyoosha kidole pole pole, nisimwamshe, nikamwonyesha benchi: kuna mama mwingine pale, mwambie anawe.