Dakika Ishirini Hadi Meru

Kithaka alikuwa akiwafukuza ng'ombe watoke kwenye kiwanja cha ndege alichoajiriwa kukilinda, nje ya mji wa Embu, mkewe Gatwiri alipoingia langoni na mkoba wake wa kwenda kujifungua. Walikuwa wamemzika kijijini Kanja mwezi wa nne. Tumbo lilikuwa bado kubwa, na nguo ndiyo ile aliyozikwa nayo.

"Ndege imefika, Baba Muchangi?"

"Bado. Keti kivulini."

Siku uchungu ulipomshika, madaktari wa Embu walikuwa wamegoma, Kithaka akaambiwa ampeleke hospitali ya misheni upande wa Meru. Celina, mama yake Gatwiri, alitoka kijijini kwake Githongo akaenda kumngoja huko. Kiwanjani palikuwa na ndege iliyomleta mheshimiwa mmoja kwenye mazishi fulani. Kithaka alimwendea rubani akamsihi.

"Hapa na Meru ni dakika ishirini tu," rubani akasema, "lakini mwenye kusema ni mheshimiwa."

Runji, msaidizi wa mheshimiwa, alijibu kwa simu kwamba mzee yuko mezani, asisumbuliwe. Gatwiri akapakiwa kwenye gari, wakaifuata barabara inayozunguka mlima, ikishukia kila mto na kupanda tena. Alikata roho kwenye daraja la Thuci, hata mji wa Chuka hawajauona.

Sasa ndege ndogo nyeupe ilitua bila mlio. Ng'ombe hawakuinua vichwa. Kithaka alimshika mkewe mkono, ukiwa baridi, akampandisha. Rubani hakuwepo. Gatwiri alijifunga mkanda mwenyewe.

Chai ya Kithaka ilikuwa haijapoa Celina alipopiga simu kutoka Meru.

"Amefika, mwanangu. Amejifungua msichana."

"Analia?"

"Sana. Sikiliza."

Kithaka akasikiliza mpaka sauti ikakatika. Kule Meru Celina alibaki na shali ya mtoto, tupu, yenye joto, akapanda gari kurudi kwenye shamba lake la kahawa.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Kithaka aliiogopa siku hiyo, na kama isingekuja angeogopa zaidi. Nyumbani hakumwambia mwanawe Muchangi kwamba ana dada.

Kisha mheshimiwa akarudi, mara hii kwa harambee ya kanisa lililo ng'ambo ya ua. Runji alimkuta Gatwiri kando ya kiwanja, akamgeukia Kithaka.

"Huyu ndiye yule mama?"

"Ndiye."

"Pole sana." Akasogea pembeni na simu yake, akazungumza kwa sauti ya chini, akarudi. "Mzee hana shida na mama kusafiri. Ila hapa hapatoshi ndege mbili. Yenu ingoje kwanza, sisi tukishaondoka ndiyo itue."

"Mtaondoka lini?"

"Akimaliza kuongea na watu."

Ndege nyeupe ilikuwa tayari juu, ikizunguka kimya upande wa Manyatta. Kithaka alimweleza mkewe.

"Si neno," Gatwiri akasema. Akatandika leso kwenye nyasi, akalala kwa ubavu. Uchungu ulipokuja aliuma pindo la leso, asiwasumbue watu.

Simu ikalia. Alikuwa Celina, aliyekuwa akingoja kule Meru.

"Ametoka huko?"

"Bado, mama."

Kanisani, kipaza sauti kilikuwa kikimkaribisha mheshimiwa aseme machache.