Kiti cha Baba Mkwe

Usingizi wa mchana haubishi hodi. Unamkuta Subilaga ndani ya stoo ya nyumba yake, mjini Mbeya, ameketi juu ya gunia la mchele, kompyuta mapajani, amejificha. Anamkwepa baba mkwe. Si kwamba wamegombana. Kwa mila ya kwao, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani, na Subilaga ameishika mila hiyo tangu alipoolewa na Ambilikile, hata leo anamjua mzee kwa koti lake, kisogo chake na viatu vyake tu. Mzee alipokuwa kwake Tukuyu mambo yalikuwa mepesi. Lakini juzi goti limemleta mjini kwa matibabu, na nyumba yenyewe ni ndogo. Mzee akitaka kupita anakohoa. Subilaga akisikia kikohozi anachomoka na kuingia chumba chochote kilicho karibu. Leo Ambilikile yuko kazini, kikohozi kimemkuta Subilaga mlangoni pa stoo, na mzee ameamua kunywa chai sebuleni, taratibu, kama mtu asiye na safari.

Basi anafanya kazi humo humo. Subilaga ni mbunifu wa magari, na kampuni yake inataka leo jioni michoro ya mwisho ya gari linalojiendesha lenyewe, la kuchukua abiria sita wasiojuana. Viti vyote amevipanga vitazamane, magoti kwa magoti, ili watu wazungumze kama wako barazani. Kuna kitu kinamkera katika viti hivyo, hajui ni nini. Anavitazama. Kope zinakuwa nzito. Ukuta wa stoo, pale penye debe la mafuta, unafunguka kwa upande bila kelele, na sauti inasema karibu, panda, tunakusubiri wewe tu. Sauti ni ya kwake mwenyewe.

Anapanda, maana mtu akiitwa na sauti yake mwenyewe atakataaje, na gari linaondoka, gari lake lile lile alilolichora, halina usukani wala dereva, linapita kwenye barabara inayokwenda mbele kidogo, kisha kama imekumbuka kitu inarudi, kisha inaona haya na kwenda tena. Mji uko kulia na mji huo huo uko kushoto, ila ule wa kushoto mabango yake yanasomeka kinyume na kuku ndio wanaowakimbiza mwewe. Magari ya huku yamefundishwa adabu. Yakikutana mawili yanasimama, na la kwake linaanza, habari za asubuhi, za nyumbani, matairi hayajambo? Na lile jingine linajibu, hayajambo, sijui ya kwenu, na yule mdogo wako aliyepasuka kioo? Anaendelea vizuri, tunashukuru. Na nyuma yao yamesimama mengine mia, kila moja linasubiri zamu ya kusalimia. Subilaga anasema tafadhali twende, nina kazi ya kupeleka jioni. Gari linasema, dada, tutaondokaje kabla hatujamaliza habari za watoto? Hapo ndipo anapogeuza macho mbele na kuona kwamba hayuko peke yake. Magoti yake yamegusana na magoti ya mtu aliyejifunika koti gubigubi, na viatu vilivyo chini ya koti lile anavijua.

Anataka kuruka. Mkanda unambana. Gari linasema, abiria, tafadhali mtazame mwenzako na umzungumzishe, ndivyo nilivyobuniwa. Nani kakubuni hivyo, mjinga huyo? anauliza Subilaga. Gari linanyamaza kwa heshima. Basi anafumba macho, na mzee naye anazidi kujivika koti, na wanakwenda hivyo, vipofu wawili waliotazamana, mpaka kwenye kona anapopanda mwongozaji wa njia, mrefu, nadhifu, na uso wake ni laini kama yai lililomenywa, hauna jicho, hauna pua, wala mdomo. Subilaga anafumbua macho, anamtazama yeye tu, na kumuuliza, kaka, hii njia inafika wapi? Mwongozaji anajibu, kitendawili. Tega, anasema Subilaga, kwa mazoea tu. Wote wanampanda, hakuna anayemuuliza anakokwenda. Gari, anajibu Subilaga. Siyo. Nipe mji. Subilaga anasema haya, nakupa Iringa, kama alivyokuwa akisema utotoni. Na kule mbele Iringa yote inakunjwa kama mkeka, na mwongozaji anaitia kwapani. Jibu ni ngazi, anasema.

Chini ya koti mtu anaguna. Kisha mzee anasema, wewe gari, mwambie huyo aliyekaa mbele yangu kwamba Iringa yuko dada yangu. Gari linasema, dada, unaambiwa Iringa yuko dada. Subilaga anasema, gari, mwambie mwenye koti samahani sana, sikujua kama inakunjwa kweli. Gari linasema, mwenye koti, unaombwa samahani, dada yako amekunjwa kweli. Mzee anaguna tena, kwa nguvu zaidi.

Kitendawili, anasema mwongozaji. Anapanua mdomo kutwa, hajasema neno. Bosi wangu, anasema Subilaga. Siyo, ni mlango. Nipe mji. Inakwenda Makambako, na upepo wake wote. Barabara sasa imebaki fupi kama ulimi, na mwisho wake kuna vilima vya kijani, migomba, ukungu, na paa moja la bati jekundu analolijua, nyumba ya mzee kule Tukuyu. Mji mwingine hauko. Gari, anasema Subilaga, mwambie baba anisaidie. Gari halijibu. Limekutana na trekta, nayo yamefika kwenye habari za mashamba.

Kitendawili, anasema mwongozaji, na mkono wake umekwisha kunyooka kuelekea lile paa. Nikimkabili ananikimbia, nikimpa kisogo ananiheshimu. Kivuli, anasema Subilaga. Siyo. Upepo. Siyo. Mbuzi? Siyo, dada, nipe mji. Subilaga anafungua kinywa, na ukingo wa Tukuyu unaanza kuinuka, migomba ya mwanzo imeshalala ubavu, ndipo koti linaporuka juu, Subilaga anafumba macho upesi, na sauti nene inapiga kelele, mkwe! Ni mkwe, ewe yai usiye na adabu, shusha mji wangu!

Vilima vinarudi chini. Mwongozaji anainama, anaitoa Iringa kwapani, anaitoa Makambako, anazipangusa vumbi, anashuka. Na kiti cha mzee, pole pole, kinazunguka chenyewe mpaka mzee anatazama barabara, na Subilaga anafumbua macho na kukuta kisogo, kile kisogo anachokijua. Wote wawili wanapumua. Gari linaondoka bila kumsalimia mtu. Baada ya muda mrefu mzee anasema, akisemesha kioo cha mbele, mwanangu, kwa kuwa mdomo umeshafunguka, niseme na hili. Sema, baba. Chumvi. Chumvi, baba? Tangu nifike kwako unanitumia chakula kwa heshima zote, nami nakila kwa heshima zote, lakini chumvi, mwanangu, inataka kuniua. Subilaga anajikaza, kisha anashindwa. Baba, mimi sipiki. Anayepika ni Ambilikile. Mabega ya mzee yanaanza kutikisika, gari linatikisika, barabara inatikisika, mzee anacheka mpaka anapaliwa, anasema, Ambilikile? Huyu huyu niliyemzaa? Na kwa kicheko kile anaanza kugeuka nyuma, sikio, shavu, na Subilaga anapiga kelele, baba, usigeuke!

Gunia la mchele. Debe la mafuta. Ukuta umejifunga. Subilaga anafuta udenda, anaitazama michoro, na mkono wake, bila kushauriana naye, unakishika kiti kimoja na kukifanya kiweze kuzunguka, kwa hiari ya anayekikalia. Kisha cha pili. Kisha vyote sita. Anaituma kazi.

Sebuleni kuna kikohozi. Anasubiri nyayo, hazisikiki. Kikohozi tena, na safari hii kina maumivu ndani yake. Subilaga anaelewa. Goti limekaza, mzee hawezi kuinuka, na nyumbani hakuna mwingine. Anasimama mlangoni pa stoo. Anageuka. Anaingia sebuleni kinyumenyume, akipapasa meza, akigonga stuli, mpaka kisigino chake kinagusa kiatu, na hapo anachutama na kutoa bega. Shikamoo, baba, anauambia ukuta. Mkono mzito unatua begani, mzee anainuka akiugua, wanasimama pamoja, yeye mbele, mzee nyuma. Marahaba, mama, anasema mzee, kwa sauti nyembamba, karibu kama ya mtoto, si ile nene ya garini hata kidogo. Twende polepole.

Wanakwenda, hatua kwa hatua, kuelekea mlango uliojaa mwanga. Subilaga hajui ipi ndiyo sauti ya mzee ya kweli, hii au ile. Hajui kama ameamka. Na hataki kumuuliza mtu, asije akaamshwa.