Mwendo wa Kuzungumza

Tangu fundi cherehani atoke hospitali, ambako madaktari walimzibua mshipa wa moyo, mumewe alimshika kama yai. Hata kikombe cha chai alitaka amnyweshe. Akinyanyuka tu kufuata miwani, mzee kashamtangulia.

Kliniki, mtaalamu wa mazoezi aliwaeleza wote wawili kwamba moyo ule ulihitaji kutembezwa kila siku, kidogo kidogo. Mwendo mzuri ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza ila hawezi kuimba. Kifua kikibana asimame papo hapo, na kisipoachia awahishwe hospitali. Ngazi pia ruksa, mradi apande taratibu. Mume aliitikia kila neno kwa kichwa. Walipofika nyumbani, akafunga geti na kutia ufunguo mfukoni.

Mkewe alivumilia weee, hadi uvumilivu ukamwishia. Asubuhi moja akavaa raba, akasimama mbele yake.

"Baba watoto, natoka kutembea. Utanisindikiza, au utanilinda ukiwa umekaa?"

Mume akatoa ufunguo, wakatoka. Njia nzima mwanamke alizungumza, makusudi, ili mume asikie kwamba pumzi anazo. Alimsengenya wifi yake asiyeweka siri, akazua ubishi kuhusu mapazia, akauliza maswali na kujijibu. Mume alikuwa kimya, kamkazia macho. Barabara ilipoanza kupanda, ukimya ule ukageuka kuhema.

Walipofika kwenye jengo lenye chumba chake cha kushonea, mwanamke hakuuliza mtu. Akashika ukingo wa ngazi, akapanda pole pole, akapumzika katikati, akaendelea. Alipogeuka, mumewe alikuwa kaketi kwenye ngazi, shati limelowa chapachapa.

"Kifua kinakubana?"

"Hapana. Miguu tu. Na aibu."

Akashuka, akakaa kando yake. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha mume akasema kwa sauti ya chini, "Kila ukisimama, nakuona umeanguka tena pale jikoni."

"Najua. Lakini kukaa tu ndiko kungenimaliza."

Akamvuta mkono, wakamalizia ngazi pamoja.

Siku ya kliniki, mume ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama msindikizaji naye anaruhusiwa kufanya mazoezi. Siku hizi anawatambia majirani kwamba yeye ndiye anayemfundisha mkewe kutembea. Mkewe humwacha ajisifu, ila kwenye mlima hampunguzii mwendo.