Ngumu Kidogo, Baba

Fundi Funguo hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, kwa sababu hata ile mara ya kwanza alikuwa hasikii. Ubishi alizaliwa nao. Lakini kazi aliijua, hilo hata maadui zake walikubali. Milango ya maduka, makabati ya chuma, makufuli ya maghala, vyote vilipita mikononi mwake, na kitasa kilichotoka kwake hakikufunguka ovyo. Alijivunia hilo, na jamani, alikuwa na haki.

Basi siku binti yake, askari wa wanyamapori, alipoingia kibandani na bunduki ya kazini, imetolewa risasi, tena kwa ruhusa ya mkuu wake, mzee alikunja uso huku moyo ukimdunda kwa furaha. Ile kazi ya porini aliipinga tangu siku ya kwanza, wala hakuwahi kuuliza habari zake. Leo mtoto kakumbuka kuwa ana baba fundi!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja kuniteka?"

Binti akacheka, akamwonyesha tatizo. Magazini, yaani lile kasha la risasi, ilishikiliwa chini ya bunduki na kibanio kidogo, na springi ya kibanio ilikuwa imechoka. Akikimbia, magazini inachomoka na kudondoka majanini. Mara ya mwisho aliitafuta kwa kupapasa, nyati anakoroma kichakani.

"Huko kikosini hawana springi?"

"Wanazo, zimechoka kama hii. Nataka yenye nguvu zaidi, baba. Zaidi kidogo tu."

Lile neno "kidogo" sijui lilipitia wapi, maana masikioni mwa mzee halikufika. Alimwaga makopo yake mezani akaanza kuchambua. Springi ya kalamu akaitupa, eti ya watoto wa shule. Ya mwavuli akaikunja kwa vidole, akasonya. Mwishowe akaitoa moja nene kutoka kwenye kitasa kikuukuu cha mlango wa ghala, uso ukamng'aa. Akaikata kwa koleo, akailainisha ncha kwa tupa, akaifunga mahali pake. Akaitikisa bunduki, akaigonga magazini kwa mpini wa nyundo. Haikucheza.

"Hata huyo nyati wako akiivuta kwa meno, haitoki!"

Kisha akabonyeza kibanio kwa dole gumba lake, dole lililokomaa kwa miaka ya kushika tupa hadi likawa gumu kama kwato. Magazini ikamwangukia kiganjani, laini kabisa.

Binti naye akajaribu. Akabonyeza, akauma mdomo, akabonyeza tena. Ilitoka alipotia vidole gumba vyote viwili.

"Ngumu kidogo, baba."

"Ngumu! Kidole gani hicho? Mmezoea kubonyeza simu tu nyie! Nenda, italainika yenyewe."

Binti alimtazama baba yake, jinsi alivyokuwa akichekelea kama mtoto aliyepewa baiskeli. "Ahsante, baba," akasema, akaenda zake.

Wiki haikuisha, mwenzake wa doria akaja mbio nyumbani. Nyati aliyenaswa na mtego wa majangili alijinasua akawarukia. Binti alimfyatulia hadi risasi zikamwishia, na kabla hajatia magazini nyingine akawa ameshapigwa pembe. Mwenzake ndiye aliyemmaliza mnyama.

Hospitali walimkuta amelala, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Mama yake akaangua kilio. Muuguzi akawatuliza: mguu umevunjika vibaya, lakini mgonjwa atapona. "Na hicho kidole ni jeraha dogo tu, sijui alikigonga wapi."

Mzee akaushika mkono wa mwanawe. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umeng'oka nusu, na kwenye nyama kulikuwa na alama iliyozama, nyembamba na iliyonyooka. Kibanio kile alikuwa amekishika kwa mikono yake mwenyewe. Alama yake angeitambua hata gizani. Akaketi sakafuni palepale.

Maisha yake yote alikuwa akitengeneza vitu vya kuwagomea watu. Mwanawe alimletea kitu kimoja cha kutii mkono, naye akakitengeneza kama mlango wa ghala.

Wakubwa wa kikosi walipouliza, binti alijibu, "Nilichelewa kubadilisha magazini." Kwa mama yake alisema aliingiwa na woga. Springi hakuitaja hata kwa kuteleza ulimi. Mzee aliingojea lawama asubuhi na jioni, tena aliitamani. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Chakula kikawa hakipiti. "Unaumwa nini wewe?" mkewe akauliza.

Mguu uliunga, ila ukapinda. Kikosi kikamhamishia getini kukata tiketi za wageni, yeye ambaye tangu utotoni ndoto yake ilikuwa pori.

Ndipo mzee akachonga kibanio kingine, akakipigilia kwenye kipande cha ubao, akaanza kujaribu springi moja baada ya nyingine. Safari hii hakutumia kidole chake. Alimfuata mkewe jikoni.

"Bonyeza hapa."

"Mume wangu, umeanza kuchanganyikiwa?"

"Bonyeza tu. Ngumu?"

"Ngumu."

Akarudi kibandani, akabadilisha, akaja tena. Alikuja na kurudi hadi mkewe akabonyeza huku anaendelea kumgombeza, bila hata kutazama.

Jioni hiyo alimkuta binti barazani, mguu ameunyoosha juu ya stuli. Akamwekea ubao mapajani.

"Jaribu, mama."

Binti akabonyeza kwa dole lile lile, ukucha unaanza kuota upya, umekaa upande. Kibanio kikaachia.

"Uliniambia ni ngumu," mzee akasema. "Uliniambia, nikakucheka. Nisamehe, mwanangu."

Binti akabonyeza tena, na tena, taratibu.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitaka, baba," akasema, akamrudishia ubao wake.